Utamu usio na gunia: Kilo moja ya unga inapochukua nafasi ya lori la sukari

Na Mwandishi wa Masuala ya Kanda

LORI la tani 20 za sukari haliwezi kujificha. Litapita kwenye mizani, litakaa foleni Malaba au Rusumo, nyaraka zake zitasomwa mstari kwa mstari, na ushuru wake unajulikana hata kwa kijana anayeuza maji ya chupa kando ya barabara. Lakini upo unga mweupe ambao kilo yake moja, inayoenea kwenye mfuko wa rambo, inalingana kwa utamu na lori hilo zima. Unaitwa adivantemu, na utamu wake unakadiriwa kuwa mara 20,000 ya ule wa sukari.

Adivantemu bado ni mgeni katika masoko yetu. Ndugu zake, hata hivyo, tumeishi nao siku nyingi bila kuwajua kwa majina. Sakarini, saiklameti, aspatemu, asesalfemu, sukralosi na stevia zimo katika soda zisizo na sukari, juisi za unga, jojo, dawa za meno na dawa za kikohozi za watoto. Nyingine zinauzwa madukani kama zilivyo, kwa kilo au kwa vifuko, kwa watengenezaji wadogo wa juisi, lambalamba na peremende.

Kwa anayevusha bidhaa kutoka nchi moja kwenda nyingine, biashara hii inavutia: mzigo mwepesi, thamani kubwa, wateja wapo. Ina mtego wake pia. Unga hizi zote ni nyeupe na zote ni tamu, lakini sheria zake, vipimo vyake na hatari zake havifanani. Anayenunua bila kujua jina la alichonunua anaweza kupoteza mzigo wake mpakani, au akamuuzia mama lishe kitu kitakachowadhuru watoto wa jirani.

Sukari inapoadimika

Viwanda na wauzaji wadogo hawakuanza kutafuta mbadala wa sukari kwa sababu ya afya peke yake. Bei imewasukuma.

Mwaka 2023 Kenya ilisimamisha kwa miezi kadhaa usagaji wa miwa, kuanzia Julai, baada ya mashamba kuvunwa kabla miwa haijakomaa. Mapema mwaka 2024 ikawa zamu ya Tanzania: mvua za El Niño zilitatiza uvunaji, na katika baadhi ya maeneo kilo moja ya sukari ikapita Sh4,000. Sukari ya Uganda nayo imewahi kuzua mvutano na nchi hizo mbili. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, sukari imo kwenye orodha ya bidhaa nyeti, na ile inayotoka nje ya Jumuiya hutozwa ushuru wa asilimia 100 pale pasipokuwa na msamaha maalumu.

Sasa chukua hesabu ya muuza juisi. Kilo moja ya sakarini ina utamu wa takriban kilo 300 za sukari, yaani magunia sita ya kilo 50. Kilo ya sukralosi ni kama kilo 600, magunia 12. Hata saiklameti, iliyo dhaifu kuliko zote, inafikia kilo 30 au zaidi. Hakuna gunia, hakuna mpagazi, hakuna ghala. Mtu wa biashara haelezwi mara mbili.

Makampuni makubwa yana sababu nyingine. Aprili 2018 Uingereza na Afrika Kusini zilianza kutoza kodi vinywaji kulingana na sukari iliyomo. Afrika Kusini ilitoza senti 2.1 kwa kila gramu inayozidi gramu 4 katika mililita 100. Watengenezaji wengi walipunguza sukari na kuziba pengo kwa viongeza utamu. Ndiyo maana soda ya jina lile lile inaweza kuwa na viungo tofauti kulingana na nchi ilikojazwa. Anayevusha kreti akidhani soda ni soda, na asome ubavu wa chupa.

Zilikotoka

Sakarini ndiyo kongwe. Iligunduliwa mwaka 1879 katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, na mkemia Constantin Fahlberg aliyekuwa akichunguza mabaki ya lami ya makaa ya mawe katika maabara ya Ira Remsen. Saiklameti ilifuata mwaka 1937, kazi ya Michael Sveda katika Chuo Kikuu cha Illinois. Aspatemu ilipatikana mwaka 1965 na James Schlatter, aliyekuwa akitafuta dawa ya vidonda vya tumbo. Asesalfemu ilitoka Ujerumani mwaka 1967, na sukralosi Uingereza mwaka 1976, ikitengenezwa kutokana na sukari yenyewe.

Stevia ni jambo jingine. Ni mmea wa Paraguay ambao wenyeji wake waliutumia kwa karne nyingi, na majani yake yakisafishwa hutoa unga wenye utamu wa mara 200 hadi 300. Kenya imeshaulima, hasa upande wa Kericho. Upo pia mmea wa Kiafrika, unaoota kwenye misitu ya mvua kuanzia Afrika Magharibi hadi Kongo, ambao tunda lake hutoa thaumatini, protini yenye utamu wa zaidi ya mara 2,000. Viwanda vya dunia vinaitumia. Sisi tulio karibu nayo hatuijui.

Leo sehemu kubwa ya sakarini, saiklameti na sukralosi ya dunia hutengenezwa China, na huko ndiko inakoanzia safari ya pakiti nyingi tunazoziona katika kanda hii.

Ndoo moja, unga wa aina tatu

Hapa ndipo jina linapogeuka kuwa suala la uhai na biashara. Tuchukue ndoo ya lita 20 ya juisi ambayo kwa kawaida hutiwa kilo 2 za sukari. Muuzaji anataka utamu ule ule bila sukari hata punje moja. Tupige hesabu kwa karatasi, kwa kutumia unga safi.

Akitumia sukralosi, atahitaji takriban gramu 3.3. Kikombe cha mililita 250 kitakuwa na miligramu 42 hivi. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani (WHO), inayojulikana kama JECFA, imeweka kiwango kinachokubalika kwa siku kuwa miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtoto wa kilo 15, basi, asizidishe miligramu 225. Vikombe vitano bado havijafika hapo.

Akitumia sakarini, atahitaji kama gramu 6.7. Kikombe kimoja kitabeba miligramu 83. Kiwango cha JECFA kwa sakarini ni miligramu 5 kwa kilo, yaani miligramu 75 kwa mtoto yule yule. Kikombe cha kwanza tu kimevuka mstari. Ulaya ilipandisha kiwango chake hadi miligramu 9 kwa kilo mwaka 2024, na hata kwa kipimo hicho cha ukarimu kikombe cha pili kinavuka.

Akitumia saiklameti, atahitaji karibu gramu 67. Kikombe kitakuwa na zaidi ya miligramu 830. Kiwango cha JECFA ni miligramu 11 kwa kilo, kwa hiyo mtoto wa kilo 15 anaruhusiwa miligramu 165. Kikombe kimoja kimemzidishia mara tano. Umoja wa Ulaya unaruhusu miligramu 250 tu za saiklameti katika lita ya kinywaji. Ndoo hii ingekuwa na zaidi ya 3,300.

Ndoo ni ile ile, utamu ni ule ule, lakini unga mmoja unapita kwa nafasi kubwa na mwingine haupiti kabisa. Viwango hivi vimewekwa kwa tahadhari na vinahusu matumizi ya kila siku kwa maisha yote, hivyo mtoto aliyekunywa kikombe kimoja hataanguka. Tatizo ni yule anayenunua lambalamba mbili kila siku nje ya geti la shule, mwaka mzima.

Viwanda vinalijua hili. Havitegemei saiklameti peke yake. Huichanganya na sakarini, mara nyingi sehemu kumi kwa moja, kwa sababu zikiwa pamoja hutoa utamu mwingi kuliko hesabu ya kila moja, na uchungu unaobaki mdomoni baada ya sakarini hupungua. Katika soda, aspatemu huwekwa pamoja na asesalfemu kwa sababu hiyo hiyo. Wengi huacha pia sukari kidogo. Kiwanda kina maabara na mizani nyeti. Muuza juisi ana kijiko.

Na kijiko ndicho kinacholeta ajali. Tuseme duka la jumla limezoea kuuza saiklameti na kumwelekeza mteja aweke vijiko kadhaa kwa ndoo. Mzigo unaofuata unakuja na sukralosi, unga mweupe vile vile, kwenye mfuko usio na maandishi. Mteja anaweka vijiko vile vile. Ameweka utamu mara 20 ya aliokusudia, na ndoo nzima inamwagwa. Ikigeuka upande wa pili, juisi itakosa utamu, ataongeza kijiko juu ya kijiko, na hakuna atakayejua watoto wamekunywa kiasi gani.

Vifuko vidogo vya mezani vina hadithi yake. Mara nyingi unga mkali ndani yake ni chembe tu. Sehemu kubwa ni wanga wa kujazia, ili kifuko kiweze kushikika na kumiminika. Kilo ya vifuko hivyo na kilo ya unga safi ni bidhaa mbili zisizolingana kwa bei wala kwa nguvu. Anayenunua kwa jumla aulize swali hili kabla ya kutoa fedha: ni mara ngapi ya sukari, na cheti cha uchambuzi wa maabara kiko wapi?

Namba zisizohitaji kutafsiriwa

Pakiti zinaweza kuandikwa Kichina, Kiarabu, Kifaransa au Kiingereza. Namba hazibadiliki. Mfumo wa kimataifa wa Codex umekipa kila kiongeza utamu namba yake, na nchi za Ulaya hutumia namba hizo hizo zikitanguliwa na herufi E. Ziandike kwenye daftari lako la biashara:

950 – asesalfemu
951 – aspatemu
952 – saiklameti
954 – sakarini
955 – sukralosi
957 – thaumatini
960 – stevia iliyosafishwa
961 – neotemu
969 – adivantemu

Kanuni za Codex za lebo zinataka chakula kilichofungashwa kitaje kazi ya kiungo, kwamba ni kiongeza utamu, pamoja na jina au namba yake. Afrika Mashariki ina kiwango chake cha lebo za vyakula vilivyofungashwa, EAS 38. Anayefungua mfuko wa kilo 25 na kuupima katika vifuko vya gramu 50 visivyo na maandishi ameondoa habari yote iliyomlinda yeye na mteja wake. Mzigo ukishikwa, hana cha kuonyesha.

Utamu si kazi pekee ya sukari

Wapo wanaonunua unga huu wakidhani utafanya kila kitu ambacho sukari hufanya. Hautafanya. Katika jemu, sukari ndiyo inayozuia kuharibika. Katika mkate ni chakula cha hamira, na katika keki hutoa wingi na rangi ya kahawia. Katika lambalamba, sukari huizuia barafu isiwe ngumu kama jiwe. Ukiitoa, lazima kitu kingine kishike nafasi hizo, na mara nyingi kitu hicho kinagharimu fedha.

Joto pia lina mambo yake. Aspatemu huvunjika ikipikwa, na hata ndani ya chupa hupoteza utamu taratibu, haraka zaidi kwenye joto. Kreti za soda isiyo na sukari zilizokaa wiki kadhaa kwenye banda la bati, au zilizosafiri chini ya turubai juani, zinaweza kufika zikiwa salama lakini hazina ladha iliyolipiwa. Sukralosi na asesalfemu huvumilia joto zaidi. Kwa mwenye biashara ya njia ndefu, kuangalia tarehe ya kutengenezwa ni sehemu ya faida.

Saratani, kisukari na maneno ya sokoni

Julai 2023 wakala wa utafiti wa saratani wa WHO, IARC, uliiweka aspatemu katika kundi la 2B, yaani vitu ambavyo huenda vinaweza kusababisha saratani, ushahidi ukiwa hafifu. Wakati huo huo JECFA iliangalia upya na kubakiza kiwango cha miligramu 40 kwa kilo. Kwa mfano uliotolewa na WHO, mtu mzima wa kilo 70 angehitaji kunywa makopo 9 hadi 14 ya soda isiyo na sukari kwa siku, kama hapati aspatemu kwingine, ndipo azidishe. Taarifa zote mbili ni za kweli, na ya kwanza ndiyo iliyosambaa kwenye simu za watu.

Onyo moja halina mjadala. Watu wachache wanaozaliwa na ugonjwa wa PKU, ambao miili yao haiwezi kuchakata fenilalanini, hawapaswi kutumia aspatemu, na nchi nyingi zinataka lebo iseme hivyo.

Saiklameti nayo ina historia yake. Marekani iliipiga marufuku kuanzia mwaka 1969 baada ya majaribio ya panya. Ulaya na nchi nyingine nyingi zinairuhusu kwa viwango. Sakarini ilibeba onyo kwenye lebo za Marekani kuanzia 1977, onyo lililoondolewa mwaka 2000 baada ya kuonekana kwamba kilichowapata panya hakiwahusu binadamu kwa namna ile ile. Somo kwa mfanyabiashara ni kwamba sheria ya nchi moja haivuki mpaka pamoja na mzigo. Kinachouzwa wazi mahali ulikonunua kinaweza kuzuiwa unakokipeleka.

Mei 2023 WHO ilishauri watu wasitegemee viongeza utamu visivyo sukari ili kupunguza uzito, kwa sababu haikuona faida ya muda mrefu katika mafuta ya mwili. Ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Kwa hiyo anayeuza unga huu kwa kunadi kwamba ni “dawa ya sukari” au “dawa ya kukonda” ameingia katika biashara nyingine, yenye mamlaka nyingine na adhabu nyingine. Mgonjwa wa kisukari anaweza kuvihitaji, lakini ushauri aupate kliniki.

Forodhani: Sura ya 17 au ya 29?

Katika vitabu vya forodha sukari imo sura ya 17. Sakarini imo sura ya 29 pamoja na kemikali, kifungu 2925.11, na sukralosi ina chake, 2932.14. Zikichanganywa na wanga na kufungwa kwa ajili ya meza, zinaweza kuhamia sura ya 21, ya vyakula vilivyoandaliwa. Kila sura ina ushuru wake na vibali vyake. Kuandika “sukari” kwenye tamko ili mambo yaende haraka kunaweza kukuingiza kwenye ushuru wa bidhaa nyeti. Kuandika “viungo vya chakula” bila jina kunaalika ukaguzi. Andika jina na namba, na umwonyeshe wakala wa forodha pakiti yenyewe kabla hajajaza fomu.

Jambo jingine huwakwaza wengi. Cheti rahisi cha uasili, kinachowasaidia wafanyabiashara wadogo wenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ni kwa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Unga uliotengenezwa China haugeuki kuwa wa Afrika Mashariki kwa sababu umenunuliwa Kampala au Nairobi. Juisi ya unga iliyotengenezwa kiwandani ndani ya Jumuiya ni suala jingine: ikitimiza kanuni za uasili, cheti kinaifaa.

Kwa bidhaa hizo za kiwandani, alama ya ubora ni mtaji. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 kuhusu viwango, ubora, vipimo na upimaji inazitaka nchi wanachama kutambua alama za ubora zinazotolewa na shirika la viwango la mwanachama mwingine, iwe KEBS ya Kenya, TBS ya Tanzania, UNBS ya Uganda, RSB ya Rwanda au BBN ya Burundi. Kwa upande wa Tanzania, kumbuka kwamba usalama wa chakula ulihamishiwa TBS mwaka 2019; anayebeba vibali vya zamani atarudishwa.

Kabla ya kutoa fedha

Mambo matano yanatosha kumwokoa mtu. Soma jina na namba ya kiungo kwenye pakiti. Kama hakuna, iache. Uliza nguvu yake na udai cheti cha uchambuzi. Piga simu au fika kwa shirika la viwango la nchi unakopeleka, uulize kama kiungo hicho kinaruhusiwa, katika chakula gani na kwa kiasi gani. Tunza ankara na risiti mpaka mzigo uishe. Na ukiuza kwa kupima, andika jina, namba na tarehe kwenye kila kifuko, hata kama ni kwa kalamu.

Kwa anayenunua ili atengeneze, ongeza la sita: mizani nyeti inayoweza kupima gramu moja, kama ya sonara. Bei yake ni ndogo kuliko ndoo chache za juisi iliyomwagwa. Kama mizani haipo, unga safi usiingie jikoni. Baki na sukari, hata kama ni kwa kupunguza kipimo na kumweleza mteja kwamba bei imepanda. Wateja wa juisi ya ukwaju na ubuyu wamezoea ukakasi, na wengi hawatalalamikia kijiko kimoja kilichopungua.